UZI MAALUMU: Unajaza chuo mwaka huu? Afya, ualimu, sanaa na sayansi ya jamii, na kazi zake zilivyo huku tuliko

Wakuu, habari zenu.

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke simu yangu haitulii. Ndugu, jirani, mpaka fundi anayenishonea nguo, kila mmoja ana mtoto na swali ni lilelile: "Kapata two ya kumi na moja, tumpeleke kozi gani?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Nimeona niandike hapa, wengi wasome mara moja, na wanaojua zaidi yangu waongeze.

Nijitambulishe kidogo ili mjue naongea nikiwa upande gani. Ni afisa ustawi wa jamii katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa, mwaka wa tisa sasa. Nilisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Nilichotaka ni Sheria, nikapangiwa Ustawi wa Jamii, kozi niliyoijaza ya tatu ili nafasi isibaki wazi. Baba aliposikia aliuliza, "Hiyo ndiyo kazi gani?" Sikuwa na jibu. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa nikiulizwa nasoma nini najibu kwa sauti ya chini.

Jibu nililikuta field (mazoezi ya kazi), mwaka wa pili. Nilipangiwa hospitalini chini ya mama mmoja mtu mzima, afisa wa siku nyingi. Wodini kulikuwa na bibi mwenye kisukari, mguu umeoza hadi juu ya kifundo, na kila anayekuja kumweleza habari ya kukatwa anageukia ukutani. Daktari tarajali (amemaliza chuo, yuko mwaka wa mazoezi) alishamweleza mara tatu, na alieleza vizuri: sumu inapanda, siku zimebaki chache. Bibi kimya. Kwenye faili pakaandikwa amekataa matibabu.

Yule mama alivuta kiti akakaa. Hakufungua faili. Bibi alikuwa anaongea Kisukuma, Kiswahili chake cha kuokoteza, kwa hiyo akaitwa mhudumu wa usafi atusaidie kutafsiri. Wakaongea mvua, wakaongea pamba, wakaongea wajukuu. Kama dakika arobaini hivi zilipita ndipo bibi akauliza swali lake: huo mguu mkishaukata mnautupa wapi? Hofu yake haikuwa kisu. Alikuwa anawaza sehemu ya mwili wake itupwe kwenye tanuri la hospitali, na yeye siku ya siku azikwe nusu. Akapigiwa simu mwanawe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Akaja, akamsomea mama yake fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, akaomba mguu akabidhiwe yeye akauzike shambani kwao. Uongozi ukakubali. Bibi akaweka dole gumba siku hiyohiyo, na alirudi kwao akiwa hai.

Nilirudi chuo nikampigia baba, nikamwambia sasa naijua kazi yenyewe.

Nimeanza na hilo kwa sababu kitanda kile kilizungukwa na kozi zote tunazozipanga mtaani kwa ngazi: daktari juu, muuguzi chini yake, mwalimu anaonekana kakosa pa kwenda, aliyesoma lugha au jamii anaulizwa atakula nini. Ngazi hiyo inawaumiza watoto wetu. Kuna wanaosukumwa kwenye udaktari wakadisko (wakaondolewa chuo kwa kufeli) mwaka wa pili, na kuna wanaoingia ualimu wakiwa wameshakata tamaa kabla ya kushika chaki.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: anzia kwenye kazi, rudi nyuma kwenye kozi. Fungua Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, tafuta matangazo ya kada unayoiwazia, ya sasa na ya nyuma, usome pale palipoandikwa sifa za mwombaji. Pameandikwa majina ya shahada yanayokubalika. Hayo yanatoka kwenye muundo wa utumishi wa kada husika, na wakati wa kuchuja maombi wanaangalia jina lililoko kwenye cheti chako. Vyuo siku hizi vina kozi zenye majina mazuri, maneno manne matano yameunganishwa, mtoto anavutiwa, anamaliza na GPA nzuri, kisha anakuta jina la shahada yake halimo kwenye tangazo hata moja. Mdogo wangu mwenyewe yalimkuta hayo. Miaka mitatu ya ada na boom (hela ya kujikimu), kisha tangazo linataka "Ustawi wa Jamii, Sosholojia au Saikolojia" na yeye ana kitu cha jirani na hivyo. Chuo sikitaji, maana hakikumdanganya. Sisi ndio hatukusoma.

AFYA. Mnajua udaktari ni miaka mitano na mmoja wa utarajali. Uuguzi wa shahada minne, na utarajali wake. Leseni haitolewi na chuo, inatolewa na baraza: madaktari wana Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi na wakunga wana lao, wafamasia lao. Kabla hujalipa ada ya kozi yoyote ya afya uliza mambo mawili: baraza gani litanisajili, na hospitali ya kujifunzia ni ipi? Muhimbili wana hospitali yao pamoja na Mloganzila, Chuo Kikuu cha KCMC (zamani KCMUCo) wako hospitali ya KCMC Moshi, chuo cha CUHAS wako hospitali ya Bugando Mwanza. Hili la hospitali ndilo kozi yenyewe. Mwanafunzi aliyeshika wagonjwa mia na aliyeshika kumi hawafanani hata kama GPA zao zinalingana.

Na afya si daktari na muuguzi tu. Fiziotherapia, radiolojia, maabara, afya ya mazingira, lishe. Huku kwetu mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa, anayemrudisha kutembea ni mtu wa fiziotherapia, na watu hao ni wachache. Ukiwa na alama na huna hamu ya kisu, angalia huko.

UALIMU. Nawaachia walimu waliomo humu waeleze, mimi naongeza kitu kimoja. Ukichukua shahada ya sanaa na elimu, masomo mawili ya kufundishia unayochagua wiki ya kwanza ndiyo yatakayokufuata maisha yote. Watu wanayachagua kwenye foleni ya usajili, kwa kufuata rafiki.

SANAA NA LUGHA. Nitarudi hapa chini, najua kuna watakaokuja kubeza.

SAYANSI YA JAMII. Hapa ndipo nyumbani kwangu, na ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Sosholojia, ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii ni vitu vitatu tofauti. Sosholojia inakufundisha kuichunguza jamii: nadharia, utafiti, takwimu. Ustawi wa jamii inakufundisha kumshika mtu mmoja na familia yake: mtoto aliyetelekezwa, ndoa iliyovunjika, mgonjwa asiye na ndugu anayehitaji msamaha wa gharama. Maendeleo ya jamii ni vikundi na miradi. Afisa wa kata unayemwona anazungushwa na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, ni huyo. Vyuo vyenye historia navyo vipo: Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Tengeru kwa maendeleo ya jamii, Chuo cha Mipango Dodoma kwa mipango. Ukienda chuo kikuu chochote kwa kozi hizi, uliza field ni wiki ngapi na nani anakuja kukusimamia. Kama field ni barua tu ya kugongewa muhuri, hapo hujifunzi kazi.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

Mwalimu wa Kibondo:
Mkuu, uzi wa maana. Mimi nina BAEd (shahada ya sanaa na elimu), Historia na Kiswahili. Nilimaliza nikakaa nyumbani miaka minne, najitolea shule ya kata kwa posho ya wazazi. Wenzangu wa Fizikia na Hisabati niliokaa nao bweni moja walichukuliwa mapema sana. Sisemi mtu asisome Historia, naipenda na nitakufa naipenda. Nasema aingie akijua foleni ni ndefu. Na zamani TAMISEMI walikuwa wanatupangia vituo moja kwa moja, sasa na walimu tunaitwa kwenye usaili. Nilipofanya usaili wangu niliona watu wana GPA za juu wanashindwa kuandika andalio la somo. TP (mazoezi ya kufundisha) walienda kupiga picha.

Kwa anayejaza sasa: mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, mkondo wa amali (ufundi) unaingia sekondari, na tahasusi (combination) za kidato cha tano zimetoka 16 hadi 65. Humo kuna Fasihi ya Kiswahili, Muziki, Sanaa za Maonesho, Kichina, Kifaransa. Tahasusi hizo zinahitaji walimu, na kwa baadhi yake walimu wenyewe ni wachache. Mtu mwenye kipaji cha muziki akichukua na elimu, sioni kwa nini achekwe na mtu.

Mama Mzazi:
Asante sana mleta uzi. Binti yangu kasoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), kapata two. Baba yake anataka udaktari na hataki kusikia kingine. Mwenyewe anasema uuguzi. Ndugu upande wa baba wanasema uuguzi ni wa waliofeli. Nifanyeje? Nyumba haina amani.

Daktari Tarajali:
Shikamoo mama. Naomba nikujibu kwa heshima, maana mimi ndiye yule kijana ambaye baba hakutaka kusikia kingine.

Nimemaliza MD (shahada ya udaktari), niko kwenye utarajali kanda ya ziwa. Naipenda kazi sasa, lakini mwaka wa pili nilikaribia kuondoka. Anatomia, fiziolojia, biokemia, vyote kwa mpigo, nimekeri masomo (nimefeli, natakiwa kuyarudia), na nyumbani naambiwa "daktari wetu" kila nikipiga simu. Kuna mwenzetu aliyedisko akakaa muhula mzima hosteli za nje bila kuwaambia wazazi. Kilichoniokoa ni kwamba nilipofika wodini mwaka wa tatu niliipenda. Asingeipenda mtu, ingekuwa mateso.

Sasa kuhusu uuguzi. Mama, usiku wa manane wodini mimi nipo mmoja na wagonjwa wako wodi tatu. Anayegundua kuwa mgonjwa anabadilika ni muuguzi. Mwezi uliopita mama mjamzito alikuwa ameandikiwa yuko sawa, muuguzi mwenye shahada akanipigia akaniambia, "Daktari, njoo, simpendi anavyopumua." Hakusema presha ni ngapi, alisema hampendi anavyopumua. Nilikimbia. Alikuwa anaingia kifafa cha mimba. Mama na mtoto wako hai. Anayesema uuguzi ni wa waliofeli hajawahi kulazwa.

Na kimaslahi asidanganyike mtu kuwa daktari ana ajira mkononi. Wapo waliomaliza utarajali wanasubiri tangazo kama wanavyosubiri wengine.

Pwani ya Mombasa:
Nakazia hapo kwa daktari. Huku Kenya mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya mambo makubwa yalikuwa ni madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa kama shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Vijana waliopata A kwenye KCSE, walioshangiliwa kijiji kizima, walikaa nyumbani wakingoja kupelekwa hospitalini. Mzazi wa Tanzania asidhani ni kwenu tu. Udaktari ni kazi ya wito, na wito si wa baba.

Msema Kweli:
Mnazunguka sana. Nchi inahitaji sayansi. Hizi sanaa, lugha, sijui malikale na vitu vya kale, serikali ingefunga tu hela zikaenda kwenye afya na uhandisi. Mtu anasoma Kiswahili miaka mitatu, kwani alikuwa hakijui?

Mleta uzi:
Ndugu yangu Msema Kweli, nakujibu bila kukasirika, ila nakujibu kwa urefu kwa sababu maneno haya ndiyo wanayoyasikia watoto wetu mezani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 14, wote wa Sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Nchi inapata uhuru, haina fedha, na kitu cha kwanza ilichoona inahitaji ni watu wa kuandika na kusoma sheria zake yenyewe. Kitivo cha sanaa na sayansi ya jamii kikafuata Mlimani mwaka 1964, mwaka uleule ilipoanzishwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Wale hawakuwa wajinga wala hawakuwa na hela za kuchezea.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019. Umoja wa Afrika nao umekipokea kama lugha ya kazi mwaka 2022. UNESCO wametenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake. Mikutano hiyo inahitaji wakalimani, nyaraka zinahitaji wafasiri, na ukalimani hauji kwa kuzaliwa Tandale. Jaribu kumsikiliza mtu kwa Kiingereza na kusema kwa Kiswahili wakati huohuo kwa dakika tano tu. Na rudi kwa bibi yangu wa wodini: tulimtegemea mhudumu wa usafi kutafsiri ridhaa ya kukatwa mguu. Alifanya vizuri, Mungu ambariki. Lakini hospitali kubwa kiasi kile haikuwa na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Na malikale unayoitaja, kuna mtu humu anaweza kukueleza kuliko mimi.

Mchimba Vigae:
Nipo. Nimesoma akiolojia UDSM. Sitakudanganya kuwa nafasi ni nyingi, si nyingi. Idara ya Malikale, Makumbusho ya Taifa, hifadhi kama Ngorongoro, na vyuo vyenyewe. Lakini kuna mlango wengi hawaujui. Mradi mkubwa unaopasua ardhi, iwe barabara, reli au bomba, unatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na ndani yake panaangaliwa kama kuna makaburi, maeneo ya matambiko au mabaki ya kale. Hapo tunaitwa. Mimi nimetembea kwa miguu kijiji hadi kijiji nikiwauliza wazee mababu walizikwa wapi kabla greda halijafika. Siku moja mzee akatuonyesha mbuyu, chini yake kuna makaburi ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote. Njia ilisogezwa. Kazi ile niliifanya na karatasi, kalamu na Kiswahili cha kumheshimu mzee.

Masomo yenyewe ni magumu. Kuna jiolojia, kuna mifupa, kuna kuchora tabaka za udongo jua likiwa utosini Kilwa. Mtu asije akidhani ni hadithi.

Mama Mzazi:
Nimemsomea baba yake maneno ya daktari tarajali, tukiwa wawili sebuleni. Baba hakusema kitu. Akatoka nje, akarudi akauliza, huo uuguzi wa shahada unachukua miaka mingapi? Nikamwambia minne, imeandikwa kwenye uzi. Akasema aandike basi, ila na udaktari aujaze. Mleta uzi, inawezekana kujaza vyote?

Mleta uzi:
Inawezekana, mama. Siku hizi anaomba moja kwa moja kwenye kila chuo, na kila chuo kina fomu yake na ada yake ya maombi, kwa hiyo msitawanye hela vyuo nane. Vitatu vinatosha. Soma mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu kabla ya kulipa popote. Ni bure kwenye tovuti yao, na kila kozi imeandikiwa masomo na pointi inazotaka. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Mpeni binti kalamu ajumlishe mwenyewe Fizikia, Kemia na Biolojia yake, mtaona wapi anaingia na wapi hela ya maombi itapotea.

Akichaguliwa chuo zaidi ya kimoja atatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanasubiri, dirisha linafungwa, nafasi zote zinapotea. Siku ya kuthibitisha baba awepo na mmeshakubaliana. Namba ya simu iliyojazwa kwenye fomu iwe ya binti mwenyewe au yako, isiwe ya mtu wa stationery.

Mkopo: waombe mapema bila kungoja majibu ya chuo. Vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe RITA (wanaosajili vizazi na vifo) kwanza, ndiyo hatua inayochelewesha wengi. Kozi za afya, pamoja na ualimu wa sayansi na hisabati, zimekuwa zikiwekwa kwenye kundi la kipaumbele, lakini hali ya familia nayo inaangaliwa. Na mweleze tangu leo kwamba ni deni: akiajiriwa inakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi liishe.

Jambo la mwisho, kama anarudi kutoka JKT kabla vyuo havijafunguliwa. Kituo cha afya kilicho karibu nanyi, nenda naye kwa mganga mfawidhi, mwombe binti akae siku tatu tu, asishike dawa, aangalie. Akae usiku mmoja pia kama watamruhusu.

Mama Mzazi:
Yuko JKT ya Mujibu bado, wanamaliza mwezi ujao. Mganga mfawidhi wa hapa namfahamu, tunasali wote. Nitamwona Jumapili.

Mwalimu wa Kibondo:
Mama, na akikaa huo usiku, aje atuandikie humu kaona nini. Nina wanafunzi wangu wa kidato cha nne nitawasomea.